Nguo za joto za ndani kwa mwanamke anayepanda Rwenzori: mwongozo kamili

Kasese ni mji wa jua kali. Ukishuka kwenye basi la kutoka Kampala, unachotafuta ni kivuli na maji ya baridi. Ndiyo maana wengi wetu, tukienda kupanda Rwenzori kwa mara ya kwanza, hufungasha kama mtu anayekwenda kijijini kwa Krismasi: fulana za pamba, sweta moja nene, koti, basi. Mimi nilifanya hivyohivyo. Jioni ya siku ya pili, kwenye kibanda cha John Matte, mita 3,414 juu ya usawa wa bahari, nilikuwa na sweta na koti mwilini na bado meno yanagongana. Chini ya hayo yote nilikuwa nimevaa fulana ya pamba iliyoloa jasho tangu asubuhi. Dada mmoja wa kundi letu akanipa fulana yake ya sufu, nyembamba kama kanga iliyochakaa. Nilivua ile ya pamba, nikavaa hiyo, na baada ya muda si mrefu nikaacha kutetemeka.

Unene haukuwa na maana yoyote pale. Nilichokosa ni ukavu. Maji huondoa joto mwilini mara 25 hivi kuliko hewa iliyotulia, kwa hiyo ukivaa nguo mbichi, masweta yote utakayoongeza juu yake yanapigana vita ambavyo vimeshapotea. Nguo inayogusa ngozi ina kazi moja kubwa: kulitoa jasho kwenye ngozi na kulisukuma nje. Joto hufuata baadaye. Nguo hizo, yaani fulana ya mikono mirefu na suruali yake ya kubana, hapa nitaziita themali.

Hatua ya kwanza: ijue baridi unayoiendea

Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6.5 hivi. Kampala iko karibu mita 1,200. Kibanda cha Elena, ambako watu hulala kabla ya kupanda kilele cha Margherita, kiko mita 4,541. Piga hesabu: tofauti inazidi nyuzi 20. Usiku wa nyuzi 17 Kampala, Elena ni chini ya sifuri. Margherita yenyewe ina mita 5,109, na unaifikia kwa kukanyaga barafu, ukiwa umeanza safari kabla hakujapambazuka.

Lakini baridi ya Rwenzori ni ya maji kuliko ya barafu. Mvua hunyesha hata katika miezi inayoitwa ya kiangazi, yaani kuanzia mwisho wa Desemba hadi Februari, na kutoka katikati ya Juni hadi Agosti. Ukifika kwenye tope la Bigo unatembea kwa gambuti, na unyevu unatoka juu, chini na ndani ya nguo zako mwenyewe. Ushauri mwingi ulioandikwa kwa ajili ya Ulaya unahusu baridi kavu ya theluji. Ukiufuata kama ulivyo utanunua vitu vinene mno, utatoka jasho, kisha utaganda.

Ukienda milima mingine ya Uganda, hesabu hubadilika. Mlima Muhavura, mita 4,127, hupandwa na kushukwa siku moja: unatoka jasho sana, halafu upepo wa kileleni unakupiga ukiwa umeloa. Huko fulana moja nyembamba na ya pili kavu ndani ya begi zinatosha. Kwa Wagagai, kilele cha Elgon chenye mita 4,321, unalala mlimani, kwa hiyo utahitaji pia seti ya usiku. Kwa msitu wa Bwindi, ukienda kuona sokwe, fulana nyembamba ya asubuhi tu. Ukianza kupanda utaivua.

Hatua ya pili: chagua kitambaa kabla ya kuchagua nguo

Pamba iache Kampala. Hunywa maji, huyashika, na kwenye vibanda vya Rwenzori ambako hewa yenyewe ni mbichi, fulana ya pamba iliyoloa leo utaikuta imeloa kesho kutwa. Vilevile vitambaa laini vinavyouzwa kwa jina la mianzi. Vingi ni viskosi, yaani nyuzi za kiwandani zinazotokana na mimea, vinapendeza mkononi, ila vikilowa vinafanya kama pamba. Vinafaa kulalia nyumbani Kabale, si mlimani.

Zinabaki familia mbili. Ya kwanza ni sufu ya kondoo wa merino. Usiogope neno sufu kwa sababu ya yale masweta ya shule yaliyokuwasha shingoni. Uzi wa merino ni mwembamba sana, kwa kawaida chini ya mikroni 20 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na uzi mwembamba hujipinda unapogusa ngozi badala ya kuichoma. Sufu inaweza kumeza mvuke wa maji hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi kwamba imeloa, na inapoumeza hutoa joto kidogo. Hainuki upesi pia, jambo ambalo utalishukuru siku ya tano ndani ya kibanda chenye watu wanane. Udhaifu wake ni kwamba hukauka polepole, na ile nyembamba hutoboka haraka.

Familia ya pili ni poliesta. Yenyewe karibu hainywi maji kabisa; jasho hutambaa juu ya nyuzi zake hadi nje na kupeperuka. Hukauka haraka, hudumu, na ni rahisi kuipata. Ila inanuka kweli, tena siku ya kwanza tu. Na ukiisogeza karibu na sigiri ili ikauke, inayeyuka. Ikiwaka mwilini hunata kwenye ngozi, kwa hiyo usikae nayo karibu na moto wa wapishi.

Baada ya safari kadhaa, maoni yangu ni haya. Juu vaa sufu, au sufu iliyochanganywa na nailoni au poliesta, kwa sababu kifua na mgongo ndiko jasho linakotoka zaidi, na mlima huu haukupi nafasi ya kukausha kitu. Unahitaji nguo inayokupa joto hata ikiwa na unyevu. Chini, kwenye miguu, vaa poliesta, maana gambuti husugua mashavu ya miguu siku nzima na sufu nyembamba haimalizi wiki. Za kulalia ziwe sufu juu na chini ukiweza. Kama pesa inatosha kipande kimoja tu cha sufu, kiwe fulana ya kulalia.

Hatua ya tatu: jifunze kusoma lebo

Wengi wetu hatununui themali dukani zikiwa mpya. Tunakwenda soko la Owino, Kampala, kwenye mivumba, yaani mitumba, na mivumba hutoka nchi nyingi, kila moja na lugha yake. Sufu kwa Kiingereza ni wool, kwa Kifaransa laine, kwa Kiitaliano na Kihispania lana, kwa Kijerumani Wolle au Schurwolle. Hapa kuna mtego ulioninasa mara moja: Baumwolle kwa Kijerumani ni pamba. Ukiona Wolle mwishoni mwa neno refu, usifurahi kabla hujasoma mwanzo wake. Pamba nyingine zitajiita cotton, coton, cotone au algodón.

Acrylic ni sufu ya kuigiza. Inafanana na sufu ya kweli, lakini haibebi jasho kama themali inavyotakiwa. Elastane, spandex na Lycra ni kitu kimoja, zile nyuzi zinazovutika, na asilimia chache tu zinatosha kufanya nguo irudi katika umbo lake. Ukikuta pamba asilimia 30 au 40 ndani ya mchanganyiko, rudisha.

Hatua ya nne: lebo ikiwa imekatwa

Mara nyingi imekatwa, kwa sababu lebo huwasha shingo. Tafuta kwanza kwenye mshono wa ubavuni, kwa ndani, maana nyingine huwekwa huko. Isipokuwepo, tumia mikono na macho.

Muombe muuzaji kwa adabu. Ukisema, "Nyabo, naomba nivute uzi mmoja tu hapa kwenye pindo," wengi watakubali. Uzi huo usiuchome katikati ya soko, kuna nguo kila upande. Toka nje, au nunua kipande kimoja kwanza ukakipime nyumbani, juu ya sahani ya bati. Sufu inanuka nywele zilizoungua, moto wake hujizima wenyewe, na majivu yake husagika kwa vidole. Poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu kama shanga nyeusi. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha majivu mepesi ya kijivu.

Kisha inua nguo kwenye mwanga. Angalia viwiko, makwapa na, kwa suruali, sehemu ya katikati ya mapaja. Vitundu vidogo vilivyotawanyika ni kazi ya nondo. Kimoja au viwili unaweza kushona, vikiwa kumi iache. Ivute kwa upana na uiachie: ikibaki imelegea, au ukisikia mlio mdogo wa kitu kinachokatika, nyuzi za lastiki zimekufa, na nguo hiyo haitakaa tena kwenye ngozi.

Utazikuta wapi? Tafuta kwenye marundo ya pajama na taiti za mazoezi, si kwenye makoti. Wauzaji wengi hawajui ni za nini, na hilo ni faida yako.

Hatua ya tano: unene

Unene hupimwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba ya kitambaa. Cha gramu 150 hivi ni chembamba, cha kutembea na kutoka jasho. Cha 200 ni cha katikati. Cha 250 ni cha kulalia na cha alfajiri ya kileleni. Kama lebo haisemi, mizani ya jikoni itasema: fulana ya mwanamke wa mwili wa wastani, ya mikono mirefu, ina uzito wa gramu zinazokaribiana na namba hiyo. Fulana ya gramu 160 kwenye mizani ni nyembamba. Ya 260 ni nene.

Kosa linalorudiwa kila msimu ni kununua nene kwa ajili ya kutembea. Njia kutoka Nyakalengija hadi Nyabitaba ni ya msitu, unapanda mita karibu elfu moja siku hiyo moja, na utatoka jasho ukiwa na fulana nyembamba kabisa. Anza kutembea ukisikia baridi kidogo. Ukiwa na joto zuri kabla hujapiga hatua, umevaa kupita kiasi.

Hatua ya sita: ikae kwenye mwili wa mwanamke

Hapa ndipo nabishana na wanaosema chukua tu ya kiume namba ndogo. Themali hufanya kazi pale inapogusa ngozi. Fulana ya kiume itakubana kifuani, italegea kiunoni, na itaacha nafasi nyuma ya mgongo, palepale jasho linapokusanyika chini ya begi. Ikibana sana kifuani nako kitambaa huvutika, kinakuwa chembamba, na baridi inapita.

Namba za mivumba usiziamini. Namba 12 ya Uingereza ni 8 ya Marekani na 40 ya nchi nyingi za Ulaya, na sufu iliyowahi kufuliwa kwa maji ya moto imeshuka namba mbili bila lebo kubadilika. Owino huwezi kuvua nguo ili ujaribu, kwa hiyo nenda na fulana yako inayokukaa vizuri, ilaze juu ya ile unayotaka kununua, linganisha mabega, kifua na urefu. Beba na futi ya fundi.

Ukifika nyumbani vaa, kisha fanya mambo manne. Inua mikono juu: pindo lisipande likavuka nyonga. Chuchumaa kabisa, kama unavyochuchumaa msalani: kiuno cha suruali kisishuke nyuma, na fulana iendelee kufunika mgongo. Sisi wenye nyonga pana na kiuno chembamba ndio tunaoumizwa na hili, kwa hiyo tafuta suruali yenye kiuno kirefu na mkanda bapa mpana; mkanda mwembamba utakukata ukifunga begi juu yake. Vaa begi lenye kilo tano na utembee ndani ya nyumba, usikilize mabega. Mshono unaopita juu kabisa ya bega utakuchubua. Mshono bapa, au uliohamishiwa mbele, ndio unaofaa. Mwisho, vua na kuvaa suruali ukiwa umevaa glavu. Utacheka leo, lakini saa nane ya usiku nje ya kibanda cha Elena hutacheka. Kwa sababu hiyohiyo usinunue themali iliyoshonwa kipande kimoja juu hadi chini, hata ikiwa nzuri namna gani. Mwanaume anaweza kuivumilia. Wewe utalazimika kuvua yote kila unapokwenda haja ndogo.

Zipu fupi shingoni nina sababu ya kuipenda: ukipanda unaifungua, ukisimama unaifunga, bila kuvua kitu. Tundu la kidole gumba kwenye mkono wa fulana nalo lina kazi, maana mikono ya wengi wetu hupoa mapema, na kitambaa kinachofika hadi kiganjani hukufaa ukiwa na glavu.

Hatua ya saba: vilivyo chini ya themali, na vilivyo juu ya kichwa

Themali ya bei yoyote haina maana ukivaa sidiria ya pamba yenye sponji. Ile sponji hunywa jasho kutwa nzima na kuliweka kifuani, juu ya moyo wako. Tafuta sidiria ya mazoezi isiyo na sponji, isiyo na waya, na isiyo na vibanio vya chuma mahali mikanda ya begi inapopita. Beba mbili: ya kutembea na ya jioni.

Chupi ziwe za nailoni au merino, zenye kipande kidogo cha pamba pale katikati tu, na ubadilishe kila jioni hata ukiwa umechoka. Kama hupatwa na fangasi, usilale na suruali ya kubana uliyotembea nayo.

Kama siku zako zitaangukia safarini, chagua suruali ya rangi nyeusi na uweke pedi ndani ya mfuko usiopitisha maji, na mfuko mwingine wa zilizotumika, maana utashuka nazo. Baada ya yai kupevuka, hadi hedhi inapokaribia, joto la ndani ya mwili wa mwanamke huongezeka kidogo, karibu nusu nyuzi. Usishangae ukisikia joto tofauti na ulivyozoea kwenye mazoezi.

Dada zangu wanaovaa hijabu: mtandio wa pamba ukilowa unakuwa kitambaa cha maji ya baridi shingoni. Kofia ya ndani ya merino au poliesta, na juu yake mtandio mwepesi wa poliesta, vitakuweka mkavu na stara ibaki. Na wale ambao kwa imani yao hawavai suruali, nimetembea nao vizuri kabisa wakiwa na taiti za themali ndani na sketi nyepesi ya poliesta inayoishia magotini. Ikizidi hapo, tope la Bigo litaivuta.

Hatua ya nane: ijaribu kabla ya safari

Panda Kololo, au kilima chochote kilicho karibu nawe, kwa saa nzima ukiwa na themali na begi, jioni yenye upepo. Kisha simama dakika kumi bila kuongeza nguo. Ukisikia baridi kali mgongoni, kitambaa hakisukumi jasho au kimelegea. Usiku, iloweshe, ikamue taratibu ndani ya taulo, itundike chumbani. Asubuhi igusie shavu. Iliyo mbichi kabisa hadi saa hiyo, Kampala, haitakauka kwenye kibanda cha Bujuku.

Hatua ya tisa: ukiwa mlimani

Kwa safari ya siku saba au nane ya Margherita, beba fulana mbili za kutembea, suruali moja ya kutembea, na seti moja nzima ya kulalia. Seti ya kulalia haiguswi na jasho wala mvua hata siku moja, isipokuwa alfajiri ya kilele, ambapo unaivaa ya ndani kabisa. Ifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki na uibebe mwenyewe. Mpagazi anaweza kuwa mbele au nyuma yako kwa saa tatu, na ukianza kutetemeka huwezi kumsubiri.

Ukifika kibandani vua za mbichi mara moja, kabla ya chai, kabla ya picha. Asubuhi, na hili ni gumu kwa kila mtu, utavaa tena zile mbichi na kuacha za kavu ndani ya mfuko. Zitakuudhi kwa dakika kumi, kisha mwili utazipasha. Anayeshindwa hapa na kutembea na nguo za kulalia, usiku unaofuata hana kitu kikavu.

Mwangalie mwenzako. Akitetemeka bila kukoma, vidole vikashindwa zipu, akajikwaa au maneno yakaanza kukokotwa, simamisheni safari na umwambie kiongozi. Mkingeni na upepo, avuliwe mbichi, avalishwe kavu, aingie kwenye mfuko wa kulalia. Akiacha kutetemeka huku bado amepoa na amechanganyikiwa, hajapona, amezidiwa.

Hatua ya kumi: kufua

Sufu ifuliwe kwa maji ya baridi na shampuu kidogo au sabuni ya maji isiyo kali. Sabuni ya unga ya kawaida huila. Usiisugue, usiisokote, ianike ikiwa imelazwa kivulini. Poliesta usiitie dawa ya kulainisha nguo, kwani huziba njia za jasho.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo vitabu vya nje havilisemi. Tunapiga pasi kila kilichoanikwa nje kwa sababu ya yule nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, na funza wake akaingia kwenye ngozi na kuota kama jipu. Pasi ya moto kiasi cha kuua mayai inaweza kuiharibu poliesta. Kwa hiyo themali anika ndani ya nyumba, kwenye dirisha lenye wavu. Iliyosahaulika nje, ikiwa ya sufu, ipige pasi juu ya kitambaa kibichi. Ikiwa ya poliesta, ining'inize ndani pakavu wiki tatu kabla ya kuivaa.